Kwanini Mwingereza anaikataa kadi ambayo sisi tunaipangia foleni

Mwezi wa tisa 2025 waziri mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba serikali yake inaleta kitambulisho cha kidijitali, kitu cha kukaa kwenye simu, na mtu atakitumia kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi nchini kwao. Watu wakachachamaa, ombi la kupinga likawekwa kwenye tovuti ya bunge lao na ndani ya siku chache saini zikapita milioni 2. Habari ilipofika kwenye vijiwe vya Mwanjelwa, hapa Mbeya, watu wakawa wanaulizana kwa mshangao wa kweli kabisa, hivi hawa wenzetu wana shida gani, yaani unaletewa kitambulisho mpaka kwenye simu yako halafu unagoma? Huku Tanzania kuna watu wamejiandikisha NIDA, mamlaka yetu ya vitambulisho vya taifa, kadi haijatoka, wanatembea na namba wameiandika kwenye kava la simu isije ikapotea.

Mzee mmoja muuza vipuri akamaliza hivi: "Wangefungiwa laini wiki moja tu wangejua hawajui."

Mi nimekuwa nalifikiria lile swali maana ni gumu kuliko linavyoonekana. Majibu ya haraka yako mawili na yote hayafiki mbali. La kwanza linasema wazungu uhuru umewazidi, la pili, hili linapendwa na wasomi wetu wa mitandaoni, linasema sisi tumezoea kuburuzwa ndo maana tukiambiwa tupange foleni tunapanga. Ukifumua taratibu unakuta wote, wao na sisi, tunatafuta kitu kimoja, kutokuwa chini ya mtu, ila kila mmoja anamkimbia mtu tofauti.

Tuanze kwa kutenganisha mambo, maana mtu akisema "kitambulisho" anakuwa amechanganya vitu vinne. Kuna kadi yenyewe, ile plastiki. Kuna namba, na ya kwetu ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo mtu akikutajia namba yake ya NIDA na umri wake ushaujua (dada zetu wengi hawalipendi kabisa hilo). Kuna daftari, ambalo siku hizi ni kompyuta mahali fulani zimetunza jina lako, picha, alama za vidole, majina ya wazazi, ulikozaliwa na unakoishi. Halafu kuna la nne ambalo huwezi kulishika, nani ana haki ya kukusimamisha akakwambia toa kitambulisho, na ukikosa anakufanya nini.

Nchi inaweza kuwa na kimoja ikakosa kingine. Denmark kila mtu ana namba tangu 1968 lakini hakuna kadi ya lazima. Ujerumani ukifika miaka 16 lazima uwe na kitambulisho, ila sheria haikulazimishi utembee nacho, kinaweza kukaa kabatini. Ubelgiji kuanzia miaka 15 unatakiwa uwe nacho mfukoni ukitoka nje. Uingereza hakuna kadi ya taifa, lakini kuna pasipoti, leseni, namba ya bima ya jamii, na London ina kamera za kutosha kumfuata mtu kutoka mlangoni kwake mpaka kazini, sasa hapo uhuru wao wa kutojulikana uko wapi mi huwa najiuliza. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana "tuwe na vitambulisho au tusiwe navyo" waulize kwanza wanabishania kipi kati ya hivyo vinne. Mwingereza akipiga kelele, mara nyingi anapigia kelele hicho cha tatu na cha nne. Sisi tukipanga foleni tunafuata hicho cha pili, tena wengi hata kadi yenyewe hatuna habari nayo, tupe namba tuondoke.

Sasa yeye amefikaje huko? Mwaka 1939 vita ilipoanza Uingereza iliandikisha watu wake wote ikawapa vitambulisho, sababu zikiwa vita na mgao wa chakula, watu wakakubali. Vita ikaisha 1945, kadi zikabaki. Desemba 1950 polisi akamsimamisha dereva mmoja kaskazini mwa London, Clarence Willcock, akamtaka atoe kitambulisho, jamaa akakataa. Hakuwa mhalifu wala mkimbizi, alikataa tu kwa msimamo. Kesi ikafika Mahakama Kuu 1951 na Willcock alishindwa kisheria, lakini jaji mkuu, Lord Goddard, aliwasema sana polisi kwa kuigeuza sheria ya wakati wa vita kuwa tabia ya kila siku ya kuwasumbua raia. Februari 1952 kadi zikafutwa. Serikali ya Tony Blair ikajaribu tena, sheria ikapita 2006, iliyofuata ikaifuta 2010 na mwaka uliofuata wakazisagasaga kabisa zile diski zilizokuwa na taarifa za watu.

Kwa hiyo Mwingereza anachokumbuka ni kadi iliyoingia kwa sababu moja ikakaa kwa sababu nyingine. Kwake mtu aliyetulia na mambo yake hapaswi kujieleza kwa yeyote, anayetakiwa kujieleza ni serikali. Hata mtoto wa shule kule anakua na hiyo akili bila kumjua Willcock ni nani.

Usidhani basi wazungu wote wako hivyo. Mjerumani akihama nyumba anaenda mwenyewe ofisi ya mji kujiandikisha kwamba amehamia mtaa fulani nyumba namba fulani, halimuumizi kichwa, Mwingereza ukimwambia afanye hivyo atahama nchi. Lakini mjerumani huyohuyo mwaka 1983 alipoletewa sensa yenye maswali mengi aligoma, mahakama yao ya katiba ikaisimamisha na kusema kila mtu ana haki ya kuamua taarifa zake zitumikeje, sensa ikaja kufanyika 1987 tena kwa kelele nyingi. Ukijua daftari za wakazi zilitumikaje enzi za Hitler kuwatafuta Wayahudi nyumba kwa nyumba, unaelewa kwanini kadi haimtishi lakini kuunganisha taarifa kunamtisha. Mmarekani naye ana namba ya hifadhi ya jamii tangu 1936, na kwa miaka mingi, 1946 mpaka 1972, kadi zake zilichapwa maneno ya kusema hiki sio kitambulisho, leo hiyo namba inaulizwa kila mahali. Sheria yao ya kuweka viwango vya vitambulisho kwa wanaopanda ndege ilipita 2005 ikaanza kutekelezwa kweli Mei 2025, miaka 20 ya kuvutana.

Turudi huku.

Ukiangalia historia, sisi ndio tungetakiwa kuogopa karatasi za serikali kuliko wote. Mjerumani alileta kodi ya nyumba 1898 na toka hapo kuwa mtu mzima mwanaume ilimaanisha kuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba umelipa. Kulikuwa na kipande, kadi ya kazi yenye siku 30, kila siku uliyomaliza kazi ya bwana shamba inatiwa alama, zikijaa ndo unalipwa. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, watu wakakiita SILABU, na Nyanda za Juu Kusini ikawa mojawapo ya sehemu za kuchota watu, hasa Njombe, wanapakiwa kwenda Tanga na Morogoro kuwa manamba. Wanyakyusa wengi walielekea upande mwingine, migodi ya shaba ya Zambia ya leo, na wengine Wenela, shirika la kukusanya vibarua wa migodini, iliwapeleka Afrika Kusini, ambako mwafrika bila pasi halali alikuwa anaishia selo.

Uhuru ukaja, karatasi hazikuisha. Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvukazi, mjini ukikutwa huna kitambulisho cha kazi unahesabiwa mzururaji unarudishwa kijijini, Dar wakubwa bado wanalisimulia hilo. Na kodi ya maendeleo mpaka inafutwa 2003 ilikuwa na vituko vyake, mgambo wanakaa njia ya kuingia mnadani wanauliza risiti, wanaume wazima wanapita mashambani kwenye migomba kukwepa, mwenye risiti anaitunza kwenye nailoni kama hati ya kiwanja.

Sasa kwa nini hiyo historia haikutufanya tuichukie NIDA? Sheria ya kusajili watu ni ya 1986, NIDA imeundwa 2008, kadi za kwanza Rais Kikwete kazizindua Februari 2013, hesabu mwenyewe, sheria ilikaa miaka 27 bila kadi na hakuna aliyeandamana kuidai wala kuipinga. Nionavyo mi, jibu liko kwenye kile kilichokuwa kinafanya kazi ya kitambulisho muda wote huo, na hicho kilikuwa watu.

Fikiria kijana amepanga chumba Nzovwe, ametoka zake Ileje au Makete, anataka kufungua akaunti au amepata kibarua kinachotaka utambulisho. Anaanza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi yuko shamba, anarudi jioni. Jioni balozi anamuuliza we umehamia lini mbona sijakuona kwenye kikao, haya, anachana karatasi ya daftari anaandika mistari miwili. Karatasi inapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, mhuri uko kwenye mkoba na mkoba umeenda msibani. Kesho yake ofisi ya kata, mtendaji anafungua daftari lake jingine kabisa, mchango wa madarasa hujatoa, wa ulinzi shirikishi hujatoa, toa kwanza hivyo ndo tuongee habari ya barua. Hapo hakuna aliyevunja sheria kwa kishindo na hakuna aliyemfukuza, ila unaona mwenyewe, ili kijana aitwe yeye, inabidi watu watatu waridhike naye. Wakiwa na kinyongo, au wa chama kingine, au aligombana na mtoto wa mmoja wao, imekula kwake.

Kwa mwanamke ilikuwa nzito zaidi. Mama mjane kijijini anajulikana kama mke wa marehemu fulani, shamba liko kwa jina la marehemu, wanaomtambulisha ofisini ni mashemeji, na hao mashemeji ndo wanaolitaka shamba. Mama huyo akiwa na namba yake, akaunti yake, laini kwa jina lake, hajamaliza vita lakini walau akiingia benki hahitaji shemeji wa kumsemea.

Huo ndo uhuru ambao Mwingereza hauoni, kwa sababu yeye mjumbe wa nyumba kumi hajawahi kuwa naye. Yeye uhuru wake ni serikali isimuulize. Wetu, kwa sehemu kubwa, ni serikali ituulize kwa mashine ili tusiulizwe na jirani. Mashine haina kinyongo. Ina matatizo mengine, nakuja huko.

Na kuhusu kuulizwa-ulizwa, sisi kweli hatuna aibu nako. Ingia guesti yoyote ya kawaida pale stendi, unapewa daftari la wageni limechorwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, saini. Kabila! Msafiri Mwingereza anabaki ameshika kalamu hajui aandike nini. Sisi tunajaza bila hata kusoma, Msafwa, biashara, Mbalizi, Iringa, na jina lenyewe wakati mwingine sio la kweli (hasa kama hukuja peke yako). Kujaza tunajaza ila ukweli tunautoa kwa kipimo. Mtu anayesema watanzania wanaamini sana serikali zao angepitia madaftari ya guesti kwanza.

Wala sio kweli kwamba watu wa huku ni wa kuitikia ndiyo mzee kwa kila kitu. Isimani, Iringa, sikukuu ya Krismasi 1971, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Kleruu alifika kwenye shamba la mkulima Said Mwamwindi wakati wa harakati za kugeuza mashamba binafsi kuwa ya ujamaa, Mwamwindi akampiga risasi akamuua, naye akahukumiwa kunyongwa. Ni kisa kibaya kwa pande zote na sikisimulii kwa kukisifia. Ila kinaonyesha mpaka wa watu uko wapi. Kuandikwa jina kwenye daftari hakukuwahi kumtoa mtu bunduki huku, kuguswa shamba kulimtoa. Tena miaka michache baadaye, operesheni vijiji, watu walihamishwa nyumba zao kwa amri, na wazee wakikusimulia wanachotaja ni migomba waliyoiacha na paa lililoezuliwa, sijawahi kumsikia analalamikia orodha aliyoandikwa.

Ndio maana vitu vilivyofanikisha usajili ni vile vilivyogusa tumbo na simu. Laini zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mwisho tarehe 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka Januari 20, 2020. Ile kipindi ofisi za NIDA zilivyofurika hujapata kuona, watu wanafika alfajiri na baridi la Mbeya lile, mashuka ya kimasai mabegani, wengine kutoka Chunya wamelala stendi. Hakuna hotuba ya uzalendo iliyowahi kuwaleta watu wengi kiasi kile, ni hofu ya kufungiwa laini tu, maana laini ndo benki, ndo ada ya mtoto, ndo hela ya shangazi.

Mashine nayo ikaonyesha kasoro zake hapohapo. Nilimshuhudia mama mmoja kutoka upande wa Rungwe, mchuma chai, wakala anamwambia weka dole gumba, anaweka, kifaa kinakataa. Weka la kushoto, kinakataa. Akaambiwa anawe na maji ya moto, akaambiwa apake mafuta kidogo, akaambiwa ajifute kwa kitenge, kinakataa. Vidole vya mtu aliyechuma chai na kulima viazi tangu utoto mistari imeshalika, kile kifaa hakioni kitu. Yule kijana wakala wala hakuwa na roho mbaya, alimwita mama muda wote, lakini hakuwa na la kufanya, na mama naye hakuwa na wa kumbembeleza. Kwa balozi angelia akasikilizwa. Kwenye kifaa unalilia nini? Mwisho laini ikasajiliwa kwa jina la mkwewe, kwa hiyo akarudi kulekule kwenye kutegemea ndugu.

Mbolea ya ruzuku hadithi ni hiyohiyo upande wa furaha. Rais Samia aliizindua Mbeya siku ya Nanenane 2022, mfuko uliokuwa umevuka laki na ishirini ukashuka mpaka 70,000, sharti mkulima aandikishwe. Wakulima wa Mbozi, Mbarali, Njombe na Ludewa waliandikisha ekari zao bila kusukumwa, tena wengine waliongeza ekari. Na vyeti vya kuzaliwa, watu wengi hawajui kwamba ule mpango wa kuwapa watoto chini ya miaka mitano cheti bure kwenye zahanati na ofisi za kata mkoa wake wa kwanza ulikuwa Mbeya 2013, taarifa zikirushwa kwa simu, ndipo ukaenda Mwanza, Iringa, Njombe na mikoa mingine. Kabla ya hapo cheti kilimaanisha safari ya wilayani na nauli, mtu anasema mtoto nimemzaa mwenyewe namjua cheti cha nini.

Ila kuna watu wa huku huku ambao kwao kitambulisho kinatisha kweli, nao ni wa mpakani. Nenda Tunduma. Mnyamwanga wa Tunduma ana baba mdogo Nakonde, wanazikana na kuoleana, wakati mwingine mpaka wa Zambia unapita kati ya maduka. Nenda Kasumulu, Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Malawi wanaelewana lugha vizuri tu. Mtu wa huko akienda kujiandikisha maafisa wa uhamiaji wanataka kujua zaidi: baba kazaliwa wapi, babu je, bibi mzaa mama je, kaburi la babu liko kijiji gani. Wa Sumbawanga mjini au wa Makambako anaulizwa kidogo tu anapita, huyu anaweza kuzungushwa muda mrefu. Maswali yana sababu, siwezi kukataa, mpaka ni mpaka, Zambia wana kadi yao ya usajili wanayoipata tangu miaka 16, na Malawi 2017 iliandikisha zaidi ya watu milioni 9 kwa mkupuo, kwa hiyo kuna hofu ya mtu kuwa na kadi mbili, na wapo wenye nazo. Lakini hapo unaona kadi imegeuka, haikuulizi tena wewe ni nani, inakuuliza kama ni wetu. Mtu aliyekuwa mtanzania miaka yote bila karatasi anaanza kuwa na mashaka siku anayoitafuta karatasi.

Kenya wamelipitia hilo kwa ukali zaidi. Kule kipande cha mkoloni kilianza kutumika kwa nguvu kuanzia 1920 hivi, mwanaume mwafrika anavaa shingoni kwenye kikopo cha chuma na alama zake za vidole ndani, Harry Thuku aliinua watu dhidi ya mambo hayo na Machi 1922 watu wakapigwa risasi Nairobi. Baada ya uhuru kitambulisho kikawa cha lazima, na Wasomali, Wanubi na baadhi ya watu wa pwani kwa miaka mingi walikuwa wakipitishwa kwenye kamati za mahojiano ambazo Mkikuyu wa Nyeri hajui zinafananaje. Kwa hiyo serikali ilipoleta Huduma Namba 2019, usajili mpya wa watu wote wenye namba na kadi, watu walikuwa na kumbukumbu tayari, wakaenda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaona utoaji wa zile kadi ulifanyika bila kutathmini kwanza hatari kwa taarifa za watu, ukabatilishwa. Mkenya kwa hili yuko katikati, kadi anaitaka kama sisi, daftari analishuku kama Mwingereza.

Rwanda nadhani sihitaji kueleza sana, Wabelgiji waliandika kabila kwenye kitambulisho miaka ya 1930 na mwaka 1994 pale kwenye vizuizi barabarani ndicho kilichokuwa kinasomwa. Kadi za sasa hazina kabila. Zetu pia hazina, na katika yote tuliyofanya vizuri hilo naliweka juu kabisa (guesti, mnasikia?).

Tukiacha mipaka, huku kwetu hatari ya kila siku haiko sana kwa polisi wa Willcock. Iko kwa watu binafsi wanaoshika vitambulisho vyetu. Mikopo ya kausha damu, kwa mfano, mama lishe anakopa laki, anaacha kadi ya benki na ya NIDA kama dhamana, mpaka amalize rejesho hana kadi, siku mtoto akilazwa akitakiwa kitambulisho anaanza kumpigia mkopeshaji magoti. Steshenari nazo, umetoa fotokopi kitambulisho, ya kwanza imetoka na mistari, dada anaitupa kwenye boksi chini ya meza, mchana boksi hilohilo karatasi zake zinafungia karanga. Kuna kibarua niliwahi kuomba, wakadai kopi ya NIDA, ya mdhamini, na ya mzazi, kazi sikupata na zile kopi hakuna aliyezirudisha. Mawakala wa laini ndo usiseme, "mama weka kidole tena, haijasoma," kumbe ilishasoma na hiyo ya pili ni ya laini nyingine ambayo kesho itakuwa inamtumia mtu meseji ya ile hela tuma kwenye namba hii.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake Rais Samia ameizindua Aprili 2024. Inasema anayekusanya taarifa zako akueleze za nini, asizitumie kwa jambo jingine, na wewe una haki ya kuuliza ana nini chako. Estonia, ambako kadi ya kielektroniki wanayo tangu 2002 na karibu kila huduma ya serikali wanaifanyia kwenye kompyuta, mwananchi anaingia kwenye akaunti yake anaona ni ofisi gani imefungua taarifa zake na lini, na mtumishi aliyechungulia bila sababu anaweza kuwajibishwa. Pale ndo unaona ile vuta nikuvute ya Mwingereza na sisi inaweza kupungua, unachukua namba na bado unamjua anayekuchungulia. Sisi kuangalia nani kafungua faili lako NIDA bado hatuna njia rahisi, na sasa kinachozungumzwa ni namba moja ya mtu tangu anazaliwa mpaka anakufa, kwa hiyo hilo swali litakuwa kubwa zaidi ya lilivyo leo.

Kwa upande wa laini angalau njia ipo na haihitaji bando. Piga *106# ufuate maelekezo, weka namba yako ya NIDA, inakuletea namba za simu zilizosajiliwa kwa jina lako. Pale Mwanjelwa baada ya ule mjadala wa Waingereza tulipiga mmoja mmoja kwa utani, yule mzee wa vipuri akakuta namba mbili hazijui kabisa na utani ukaishia hapo. Ukikuta za hivyo nenda na kitambulisho chako ofisi ya mtandao husika zikafutwe, usimtume mtu, na kama ni mama yako kijijini ambaye vidole vyake vinasumbua kwenye mashine muulize na namba anayotumia ilisajiliwa kwa jina la nani, maana hiyo ya kwake *106# haitaionyesha.